Usiichomoe

Wala sikusimuliwa na mtu. Naanza na hilo kwa sababu visa vya namna hii kila siku vimemtokea shemeji wa rafiki wa fulani, na huyo shemeji ukimtafuta humpati. Hiki kilinitokea mimi, mchana, sijanywa, sijasinzia. Gari lipo. Simu ipo. Mama yangu yupo, namsikia hapo nje anaanika mdalasini na kuwafukuza kuku. Usiponiamini ni sawa tu, siku hizi sikasiriki. Utaelewa kwa nini.

Mimi ni dereva. Kwa miaka mingi nilizungusha watalii, mpaka nikanunua basi dogo chakavu, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, jiko la gesi, sinki na friji ndogo. Gari-nyumba. Wageni walikuwa wanalikodi nalo likawalaza popote watakapo, na mimi nalala kwenye hema pembeni. Morogoro mjini watu walinicheka, eti fulani kaoa gari. Nikawaacha wacheke.

Sasa gari la namna hii lina betri mbili, na hapa nisikilize vizuri. Moja ni betri ya injini, kazi yake kuwasha gari basi. Nyingine ni betri ya nyumba, hiyo inabeba taa, friji, feni na soketi za kuchajia simu. Injini ikiwaka kuna swichi inaziunganisha, zinajaa zote mbili. Ukizima, swichi inazitenga, ili nyumba itumie chake na isiguse cha injini. Mtakesha na taa, mtacheza muziki, friji itaunguruma, lakini asubuhi gari linawaka. Sheria ni moja tu: cha injini hakiguswi. Nimewagombeza wageni wangapi kwa hilo, wazungu na Waswahili.

Na kuna jambo jingine ambalo wa kwetu mnalijua. Ukisimamisha gari lenye sola juu ya paa huku milimani, watu wanakuja na simu. Hawajui jina lako, wanakuja tu: shikamoo, naomba unichajie. Unachaji. Chaji huku ni kama maji ya kunywa, humnyimi mtu. Nilikuwa na kifurushi cha nyaya za kila aina, mpaka zile za pini nyembamba za simu za zamani, kwa ajili hiyo hiyo.

Mama yangu alilazwa mjini, mapafu. Miaka yote amepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, na mapafu yalikuwa yamefika mwisho. Daktari akaniita pembeni akasema hapa tumefanya tulichoweza, anaweza kukaa nyumbani ila lazima awe na mashine ya oksijeni. Mashine yenyewe inavuta hewa, inaichuja, inampelekea mgonjwa puani kwa mpira. Umeme ukikatika, hewa imekatika. Na nyumbani kwa mama, Kinole, umeme ulikuwa haujafika.

"Nipeleke nyumbani," mama akaniambia. "Sitaki kufia kwenye kitanda chenye namba."

"Hufi."

"Basi nipeleke nikaishi."

Mimi ndiye mtoto wake pekee. Niseme wazi kwamba nilikuwa nampenda mama yangu kupita kiasi, mpaka mke wangu alikuwa ananitania kuwa sijaachishwa ziwa. Nilimlaza kwenye kitanda cha gari, nikaifunga mashine kwa mikanda isicheze, nikaichomeka kwenye umeme wa betri ya nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na sola haikuwa imeingiza kitu, betri ya nyumba ilikuwa nusu. Sikujali. Injini ikiunguruma njiani, itajaa. Kulikuwa na mtungi mdogo wa akiba tuliopewa, ukaishia palepale wakati wa kumtoa wodini na kumpakia. Nalo sikulijali.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipoacha barabara kubwa na kuanza kupanda. Ukungu ukashuka. Mbele, kwenye kona, mlima ulikuwa umeporomoka na kulaza tope na mawe njia nzima. Kugeuza hakuna, njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo na upande wa pili korongo. Akapita kijana wa bodaboda anasukuma pikipiki yake juu ya tope. Akanipa pole, akasema anawafuata watu huko juu waje na majembe. "Subirini tu, mzee, watakuja."

Tukasubiri. Injini nimeiacha inawaka ili betri zijae na mashine ivute. Lakini ukungu ule ulikuwa mzito, ukaukandamiza moshi wa dizeli, nao ukawa hauondoki, unaingia kwa kila upenyo. Mama akaanza kukohoa. Kikohozi kile sijui nikielezeje, alikuwa anakohoa mpaka macho yanageuka. Nikazima injini. Kukatulia. Nikapunga hewa kwa upande wa khanga yake, akapata usingizi, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu alazwe. Mashine inavuta taratibu. Nikakaa chini nimemshika mguu.

Baadaye kengele ya betri ikaanza kulia. Betri ya nyumba inaisha.

Najua unachotaka kusema. Washa injini. Ndivyo ningemwambia mtu yeyote. Lakini yule aliyelala pale hakuwa mtu yeyote, na nikiwasha moshi unarudi na kikohozi kinarudi. Nikasema ngoja, alale kidogo tu. Nikatoa zile nyaya nene za kuanzishia gari lililokufa, nikaunganisha betri mbili kwa mkono. Nikaifanya nyumba itumie cha injini. Kengele ikanyamaza. Mama akaendelea kulala, nami nikajiona nina akili.

Majembe hayakuja upesi. Kengele ilipolia tena nikakimbilia usukani, nikazungusha ufunguo. Tk. Nikazungusha tena. Tk. Taa za dashibodi zikafifia zikazimika. Na usiniambie ningeliachia lirudi nyuma nikaliwasha kwa riva, nyuma yangu kulikuwa na kona, korongo na ukungu, mimi mwenyewe siioni bampa. Simu yangu haina mtandao. Nikasikia mashine nyuma inashusha pumzi, ikasimama.

Nikarudi kwa mama. Midomo ilikuwa inabadilika rangi. Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikawa nampepea kwa mkono kama mjinga, na nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye mjukuu njiani. Nilimwomba Mungu, nikamwita na baba yangu aliye kaburini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, nataka ulijue hilo. Nilikuwa mtu wa kulia.

Mlango ukagongwa.

Nikajua ni watu wa majembe. Nikafungua, nikamkuta mwanamke mmoja. Umri wake ni kama wa binti yangu, amejifunga khanga mbili, miguu peku. Kila kitu nje kilikuwa kinadondosha maji, majani, kioo, hata nywele zangu. Yeye alikuwa mkavu. Nikaliona hilo na nikalipita.

Nikamwambia, "Shikamoo."

Mimi. Kwa msichana wa umri wa binti yangu. Neno lilitoka lenyewe, na yeye wala hakushangaa, akalipokea kama mtu anayepokea chenji yake.

"Marahaba, baba. Naomba unichajie simu."

Akanyoosha mkono. Simu ya vibonyezo, ya zamani, ya pini nyembamba.

"Dada, umeme umekwisha. Betri zote mbili zimekufa. Mama yangu hapa anakata roho."

Akachungulia ndani, akamtazama mama, akanitazama mimi. Alinitazama muda, usoni, machozi yanavyoshuka.

"Chaji unayo," akasema. "Unayo nyingi sana."

"Zimekufa, nakwambia. Gari haliwaki."

"Sikusema za gari. Wewe chomeka, litawaka. Na mama atapumua."

Ungefanyaje? Niambie ukweli, wewe na mama yako kifuani, ungeanza kumhoji? Mimi sikuuliza kitu. Nilichukua ile simu, nikapapasa kifurushini nikapata waya, nikauchomeka kwenye soketi ya mbele ambayo haikuwa na umeme hata wa kuwasha kitaa kidogo kama kichwa cha sindano. Kioo cha simu kikawaka. Kile kialama cha betri kilikuwa kitupu, na mstari wa kwanza kati ya minne ukaanza kupepesa.

"Itachukua muda," mwanamke akasema kutoka mlangoni. "Ikijaa nitaifuata. Usiichomoe."

Nikazungusha ufunguo. Injini ikawaka mara moja, kama imetoka kwa fundi. Nyuma mashine ikaanza kuvuta. Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na ukungu umejaa pale alipokuwa amesimama.

Mama akavuta pumzi moja ndefu. Rangi ikarudi midomoni. Akafumbua macho, akasema, "Tumefika?"

Na hapa ndipo palipo kisa chenyewe, siyo kwa yule mwanamke. Nilimtazama mama yangu akipumua, nikajua kwamba hili ni jambo la furaha. Nililijua kama ninavyojua kwamba hiki ni kijiko. Nikangoja furaha ije. Machozi yalikuwa bado yamelowesha shavu, nikayapangusa, nikashangaa yalikuwa ya nini. Unaujua mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unaugusa na unaona ni wako lakini hausemi kitu? Kifua changu kilikuwa hivyo. Nikajiambia ni uchovu.

Watu wa majembe walikuja, wakasafisha njia huku wanatania. Nikawapa lifti kurudi juu. Mmoja wao akakaa mbele, akaiona simu. "Ya nani hii?" Nikamwambia ya dada mmoja, kaniomba chaji. "Dada wa wapi?" Nikasema sijui, katokea kwenye ukungu. Akasema yeye atashuka, atatembea. Akashuka kweli, na gari linakwenda Kinole, na mvua imeanza.

Tukafika. Gari nikaliegesha kwenye ua wa mama, na ndipo lilipo hadi leo. Mama alipata nafuu kwa namna iliyomshangaza hata daktari. Wiki chache akawa anakaa nje, baadaye anatembea hadi kwenye michungwa yake, baadaye mashine hatukuihitaji tena. Mke wangu alipanda kuja kumwona akaangua kilio cha furaha. Akanishika, akasema, "Mbona wewe umetulia hivyo?" Nikamwambia nimechoka. Alilikubali jibu hilo kwa muda.

Ile simu niliigeuza siku moja nikafungua mgongo wake. Ndani hamna betri. Pale inapokaa betri ni patupu, vumbi tu, na laini hamna. Mbele kioo kinawaka na mstari unapepesa.

Nikaichomoa. Nilitaka kuitupa korongoni, sitaki mambo. Nje, mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anakwangua mdalasini, na kisu kikamdondoka. Akainama akashika kifua, akafungua mdomo wala hewa haiingii. Niliiona midomo yake kupitia kioo cha gari. Nikairudisha pini. Akainuka, akakohoa kidogo, akaokota kisu. Aliniambia baadaye kwamba alipaliwa. Mimi sikujaribu mara ya pili.

Basi ndiyo maisha yangu. Ile simu inakula kwenye betri ya nyumba, na betri ya nyumba haitakiwi kufa hata dakika moja. Kila alfajiri, kabla ya chai, kabla ya salamu, natoka kwenda kwenye gari. Nawasha injini, naacha zijae zote mbili, nazima, nahakikisha swichi imezitenga. Naongeza maji ya betri. Nasafisha vichwa vyake kwa maji ya moto. Napanda juu napangusa sola, maana ukungu wa huku unaacha ukoga. Friji nimeing'oa, taa nimezikata, hakuna kingine kinachokula humo. Na watu wakija, shikamoo, naomba unichajie simu, nawaambia hapana. Mimi, huku kwetu. Wameshaacha kuja. Wananiita mchoyo, na wengine wananiita jina jingine ambalo huku halitamkwi kwa sauti.

Binti yangu alijifungua mtoto wa kiume. Wakanipigia, wakaniwekea mtoto simuni alie nimsikie. Nilisema maneno yote yanayosemwa. Usiku nilipokwenda garini, mstari wa kwanza ulikuwa umeacha kupepesa. Umejaa, unapepesa wa pili.

Mjomba wangu akafariki, kaka wa mama, ambaye kwetu Waluguru unajua mjomba ni nani kwa mtu. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha hata kushika usukani. Wanaume wazima walilia kaburini. Mimi nilishika koleo nikafukia, mkavu, na nikaona watu wanavyonongonezana. Niliporudi, wa pili umejaa. Hapo ndipo nilipoelewa yule mwanamke alikuwa anazungumzia chaji gani.

Nikifikiri vizuri, najua ni jambo la kuogopesha. Nalijua tu, siliogopi.

Sasa la juzi. Nilikuwa nimetoka garini, mikono ina weusi wa betri, mama akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, jiko jipya nililomjengea, lenye dirisha.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Unanilisha, unanivisha, dawa unanipa. Lakini unanitazama kama abiria. Hilo gari unaliamkia kila siku kabla hujaniamkia mimi. Majirani wanasema unalipenda gari kuliko mama yako. Nawakatalia, halafu nakaa peke yangu nasema labda."

Nitamwambia nini? Nikimwambia, atainuka palepale, ataenda garini na ataichomoa mwenyewe. Namjua mama yangu. Hatasita hata kidogo. Ndiyo maana ufunguo wa gari nalala nao shingoni.

"Siku ile njiani," akasema, "ulidhani sisikii. Nilikuwa nasikia. Nilikusikia unavyolia juu yangu, ukimwita baba yako. Moyoni nikasema, kumbe mtu anaweza kuondoka vizuri namna hii, mwanawe amemkumbatia. Sikuwa na shida kabisa." Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Afadhali ningeondoka siku ile, baba. Kuliko hivi."

Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nilijua hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Nikanyanyuka, nikanawa mikono, nikaenda garini. Wa tatu ulikuwa umejaa.

Umebaki mmoja. Ukijaa, atakuja kuifuata, na mtu akifuata simu yake anaichomoa. Kitakachoujaza sikijui, ila mama ni mzee, na mimi sina wengi waliobaki wa kuniuma. Kwa hiyo nakaa nao mbali. Binti yangu anataka kuleta mtoto nimwone, namwambia njia mbaya. Mke wangu ameshaacha kupiga. Wanadhani nimewatupa.

Unapita milima hii? Basi sikia. Usiguse cha injini, hata kwa huruma, hasa kwa huruma. Na ukikwama kwenye ukungu, akaja mtu mkavu, ukajikuta unamwamkia kabla hujapanga, muulize kwanza atachaji kwa kitu gani. Sikwambii umnyime. Mimi mwenyewe angekuja tena siku ile ningempa, na sijui kama hilo ni upendo au ni mazoea yaliyobaki baada ya upendo kutoka. Ila muulize, ili uage vizuri ulichonacho.

Kila asubuhi, nikishamaliza na betri, nampelekea mama chai. Anapokea kikombe lakini hanywi, ananishika kidevu na kunitazama usoni, anatafuta. Hakuna kitu humo, ningemwambia asijisumbue. Lakini naendelea kuinama pale mbele yake, chai inapoa, mpaka amalize kutafuta.